Ukuta wa Nehemia na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza



Mpendwa kijana, kama uko hapa Nyakato kipindi hiki, dalili umeshaziona. Pale stendi ya Buzuruga kuna masanduku ya bati, magodoro yamefungwa kwa kamba, akina mama wanatoa maagizo yaleyale kwa mara ya tano, na pembeni kijana amevaa hedifoni anajifanya hasikii. Vyuo vinafunguliwa. Wengine safari yao ni fupi, daladala mbili tu na wamefika Malimbe, pale SAUT. Wengine ni Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya, Arusha.

Wengi mliokuja kuniaga mwaka huu mnakwenda kusoma sayansi na uhandisi. Umeme, ujenzi, mitambo, kompyuta, kemia, madini. Kila mmoja kaniomba nimwombee afaulu mitihani. Nitaomba, bila shaka. Ila hakuna hata mmoja aliyesema, "Frateri, niombee niweze kuishi na watu." Hilo ndilo nataka kuliongelea leo. Nimekaa na ninyi kwenye parokia hii mwaka wangu wa uchungaji, nimewasikiliza waliotangulia wakirudi likizo, na ninavyoona mimi, wengi wanaojikwaa mwaka wa kwanza hawajikwai kwenye hesabu. Hesabu wanaziweza. Wanajikwaa pale wanapotakiwa kumgeukia mtu na kufungua mdomo.

Naomba uchukue Biblia yako, au uifungue kwenye simu, uende kitabu cha Nehemia sura ya 3. Najua ni sura ambayo wasomaji wa Misa wakiiona wanatoroka, maana ni majina matupu. Fulani mwana wa fulani alijenga kipande hiki, na jirani yake fulani akajenga kile, na jirani ya huyo tena mwingine, mpaka unazunguka Yerusalemu yote lango kwa lango. Kwa mtu wa fasihi inachosha. Kwa mhandisi, hii ni ripoti ya mradi! Kazi imegawanywa kwa vipande, kila kipande kina mwenyewe, na kila mtu ameandikwa pamoja na yule anayepakana naye.

Angalia ni akina nani hao. Anayeanza ni kuhani mkuu na makuhani wenzake, wanajenga Lango la Kondoo. Wapo wafua dhahabu. Yupo mtengeneza manukato, ambaye nina hakika mikono yake haikuzoea mawe. Wapo wafanyabiashara. Wapo watu wa Yeriko waliotoka mbali. Katika mstari wa 12 yupo Shalumu, mtawala wa nusu ya wilaya ya Yerusalemu, anajenga pamoja na binti zake. Na wapo wakubwa wa Tekoa katika mstari wa 5, ambao hawakukubali kuinamisha shingo zao wafanye kazi. Hao wa mwisho utakutana nao katika grupu lako la kwanza la maabara, wala sihitaji kukueleza zaidi. Watatokea siku ya kusaini ripoti.

Ukuta ule uliisha kwa siku 52. Imeandikwa sura ya 6 mstari wa 15. Kwa watu waliorudi kutoka uhamishoni, wengine wana madeni shingoni, maadui wanawacheka na kuwatishia, siku 52 ni kazi kubwa mno. Siri yao ilikuwa nini? Nehemia hakuwa mhandisi, alikuwa mnyweshaji wa mfalme. Alichokuwa nacho ni kwamba alisali, halafu alijua namna ya kukaa na watu.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye sura ya 2, maana hapa kuna faraja kwa ninyi wakimya. Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza kwa hotuba. Alikaa siku tatu. Kisha akaondoka usiku na watu wachache, hakumwambia mtu yeyote Mungu alichoweka moyoni mwake, akazunguka kukagua kuta zilizobomoka na malango yaliyoungua. Yaani alifanya upimaji kwanza. Baada ya hapo ndipo alipozungumza na watu, akawaeleza hali ilivyo na mkono wa Mungu ulivyokuwa mwema juu yake, nao wakaitikia kwamba wainuke wajenge.

Kwa hiyo ukimya una nafasi yake. Kama wewe ni mtu wa kuangalia kwanza, wa kupima, usidhani Mungu anataka ugeuke kuwa MC wa harusi. Ila angalia na hili: Nehemia hakubaki usiku. Kulikucha, akasema.

Kwa nini naliweka jambo hili kwenu wa sayansi, wakati hata wa sheria na ualimu wana aibu zao? Kwa sababu njia mliyopita imewafundisha kuwa peke yenu. Mtoto aliyechukua PCM au PCB anajulikana. Tangu kidato cha tatu ameambiwa aachane na makundi, apige msuli. Bweni limelala, yeye yuko na tochi na kitabu. Shule nyingi ni za jinsia moja, kwa hiyo kuna mtu anaingia chuo akiwa na miaka 20 hajawahi kufanya jaribio la fizikia akiwa meza moja na msichana. Mtihani wa kidato cha sita unaufanya peke yako na cheti kinatoka na jina lako peke yake. Kila tuzo uliyowahi kupata umeipata kwa kujifungia. Halafu ghafla unaingia ukumbini mko mamia, mhadhiri anatangaza kuwa kazi za maabara ni za makundi ya watu watano, anafuta ubao, anaondoka. Hakuna aliyekufundisha unaanzaje kumwambia mtu usiyemjua, "Samahani, grupu lenu lina nafasi?"

Halafu kuna Kiingereza. Hili tuseme wazi. Tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari tumepewa Kiingereza cha kukariri, na chuoni mtu anajua kabisa hajaelewa ile hatua ya tatu ya hesabu ubaoni, lakini ananyamaza kwa sababu akivunja ung'eng'e darasani watu watacheka. Swali linafia mdomoni. Kesho linazaa mwenzake. Wiki ya sita maswali yamekuwa ukoo mzima.

Kuna kijana wa jumuiya moja hapa kwetu ambaye amenikubalia nisimulie habari yake, mradi nisimtaje jina wala chuo. Alitoka kidato cha sita na daraja la kwanza safi. Jumuiya ilimchangia nauli, mama yake akashona vitenge na wenzake wa WAWATA siku ya kumuaga. Alifika chuoni amechelewa siku nne, akakuta makundi ya maabara yameshaundwa. Aliona aibu kuuliza. Akafanya majaribio peke yake, akaandika ripoti peke yake, nzuri kabisa anasema, zikarudishwa bila alama kwa sababu kazi ilikuwa ya kundi. Akajipa moyo kwamba atafidia kwenye testi. Testi ikasogezwa mbele siku mbili, tangazo likatumwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Yeye hakuwemo. Hakuwa na namba ya mtu yeyote wa darasa lake, na ilikuwa wiki ya saba.

Mlango wa mhadhiri aliufikia mara mbili. Mara zote mbili alisimama nje, akasikia sauti ndani, akaondoka. Chumbani walikuwa wanne. Anasema aliwajua kwa viatu vyao kuliko kwa majina. Mwisho wa mwaka akadisko. Alirudi Nyakato akamwambia mama ni likizo ndefu, na mama akaamini mpaka vyuo vilipofunguliwa na watoto wa majirani wakaondoka, yeye yupo.

Mama yake ni muuza dagaa. Kila baada ya siku mbili tatu anashuka Mwaloni Kirumba alfajiri, ananunua, anapandisha mzigo kwenye gari mpaka sokoni. Pale Mwaloni anakutana na watu wa visiwani, watu wa Ukerewe, wachuuzi wanaopeleka mzigo mpaka Kongo. Hajui fizikia. Lakini anajua kumsalimia mtu asiyemfahamu, kuuliza bei bila kumuudhi mwenye mzigo, kukataa bila kugombana, na kuomba akopeshwe magunia mawili siku ambayo hali ni mbaya. Alipojua ukweli hakufoka. Aliuliza swali moja: "Mwanangu, katika watu wote wale, ulikosa hata mmoja wa kumuuliza?"

Nimelitafakari sana swali lile, na naomba mtu asilisikie kama lawama. Lina uchungu kwa sababu jibu lake ni kwamba watu walikuwepo. Kaka wa kitanda cha juu alikuwepo. CR wa darasa alikuwepo, na kazi yake ni hiyohiyo. TMCS ilikuwepo, inasali rozari mita chache kutoka hosteli yake. Na kitu ambacho hakuna aliyekigusa nilipomaliza kumsikiliza ni upande wa pili: katika kundi lile la maabara lililokuwa pembeni yake, hakuna aliyegeuka kumuuliza mbona yuko peke yake kwenye meza. Watano walikuwa wametimia. Hesabu ilikuwa imekubali.

Hapa mniruhusu nitumie falsafa kidogo, maana mzazi wangu anauliza kila siku ile digrii ya falsafa inasaidia nini. Aristotle, katika kitabu cha nne cha maadili yake, anaeleza fadhila moja ya kuishi na watu vizuri katika mazungumzo na mambo ya kila siku, kwa wale unaowajua na usiowajua vilevile. Anasema inafanana na urafiki, lakini haina jina. Kusema kweli mimi nadhani angepita sokoni kwetu angelipata jina bila tabu. Waswahili wana uchangamfu, wana bashasha. Msukuma anakuamkia "mwangaluka" hata kama hamjawahi kuonana, na usipoitikia utamshangaza kweli.

Mtakatifu Thoma wa Akwino akaichukua fadhila hiyo na kuiweka mahali ambapo sikutegemea nilipoisoma mara ya kwanza. Iko katika Summa, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 114. Hakuiweka kwenye tabia za kuzaliwa, kwamba fulani kajaliwa na fulani hakujaliwa. Aliiweka chini ya haki. Anasema mwanadamu kwa asili ni kiumbe wa jamii, na kama watu wasivyoweza kuishi pamoja bila kuambiana ukweli, vivyo hivyo hawawezi kuishi pamoja bila kupeana furaha fulani. Kwa hiyo kumchangamkia jirani ni deni la heshima tunalodaiwa. Na anaweka mipaka pande mbili: upande mmoja kuna anayejipendekeza, anasifia kila kitu ili apendwe, upande mwingine kuna mkorofi, anabishia kila kitu. Wala hasemi uchekecheke muda wote. Yapo mazingira, anasema, ambayo upendo wenyewe unakudai umhuzunishe mtu kidogo kwa faida yake.

Ona linavyobadilika jambo lenyewe. Ulimwengu utakuambia jifunze kuongea na watu ili upate kazi, ili upandishwe cheo, ili ujulikane. Si mbaya, kazi tunaihitaji. Lakini kama ni haki, basi yule anayekaa peke yake kwenye meza ya maabara ananidai salamu yangu. Na mimi ninayekaa kimya wakati sijaelewa nawanyima wenzangu nafasi ya kunisaidia. Sijui kama umewahi kulifikiria hivyo. Petro na wenzake walipovua samaki wengi mpaka nyavu zikaanza kukatika, waliwapungia mkono wenzao wa chombo cha pili waje wawasaidie, na vyombo vyote viwili vikajaa (Lk 5:7). Wavuvi wetu wa dagaa wanalielewa hilo kuliko sisi tuliosoma. Mtumbwi ukizidiwa na mzigo katikati ya ziwa, hakuna anayesema ataonekana hajui kazi.

Na kabla hujasema "Frateri, mimi ndivyo nilivyoumbwa," subiri kwanza. Huyo Thoma mwenyewe alikuwa mkimya kuliko wewe. Alipokuwa Cologne akisoma kwa Mtakatifu Alberto Mkuu, wanafunzi wenzake walimwita ng'ombe bubu. Inasimuliwa kwamba mwenzake mmoja alimhurumia, akadhani haelewi, akajitolea kumfundisha somo. Thoma akakubali na kushukuru. Wakaendelea mpaka yule mwalimu wa kujitolea akakwama katikati, na Thoma kwa upole akamalizia maelezo vizuri kuliko ilivyokuwa darasani. Mimi katika kisa hiki navutiwa na wote wawili. Yule asiyejulikana jina aligeuka akamwona mwenzake aliyenyamaza. Na Thoma alikubali kusaidiwa kitu alichokuwa anakijua, bila kumuumbua mtu. Huyo Alberto mwalimu wao, kwa taarifa yenu, ndiye msimamizi wa wanasayansi, Papa Pio wa XII alimtangaza hivyo mwaka 1941. Sikukuu yake ni tarehe 15 Novemba, mtakuwa mmeshaanza kuchoka na semista. Mwombeni.

Lakini kama unatafuta mtakatifu wa kozi yako hasa, yupo mmoja wa juzi tu. Pier Giorgio Frassati, mzaliwa wa Turin, Italia, mwaka 1901. Baba yake alikuwa na gazeti kubwa, La Stampa, akawa pia balozi Ujerumani. Kijana angeweza kusoma chochote. Alichagua uhandisi wa madini, kwa sababu alitaka kuwa karibu na wachimbaji na kumtumikia Kristo kati yao. Masomo hayakuwa mepesi kwake, alihangaika na mitihani kama wewe utakavyohangaika. Na huku akihangaika alikuwa na marafiki wa kupanda nao milima, mwaka 1924 wakajiundia kikundi chao wakakipa jina la utani, kama vile "kampuni ya watu wasioaminika"! Walicheka sana na walisali sana. Huku nyuma, kimyakimya, akiwa mwanachama wa Vinsenti wa Paulo, alikuwa anapanda ngazi za nyumba za maskini, anawajua kwa majina na kwa shida zao. Alikufa tarehe 4 Julai 1925 kwa polio, miaka 24, kabla hajapata digrii yake. Siku ya mazishi familia yake ilishangaa kuona maskini wa Turin wamejaa barabarani. Nyumbani hawakujua anajuana na watu wote wale. Papa Leo wa XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, pamoja na Carlo Acutis.

Wale mnaokwenda kusoma madini mmeshajua kwa nini nawaletea huyu. Geita si mbali. Tangu tarehe 19 Juni 2025 hata kivuko hakuna tena kukisubiri, unapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo hadi Busisi, takriban kilomita 3 juu ya ghuba. Daraja lile lilianza kujengwa mwaka 2020. Kuna wakandarasi kutoka China na wahandisi na mafundi wa Kitanzania wametumia miaka mitano wakisomeana michoro na kuulizana. Fikiria mtu mmoja pale ameona kosa dogo kwenye kipimo, akanyamaza kwa aibu. Wewe ungependa upite na basi juu ya aibu yake? Ndiyo maana nasema tabia ya kuuliza ijengwe sasa, kwenye ripoti ya maabara ya kurasa sita, ambako ukikosea hakufi mtu.

Sasa vitendo, maana ninyi ni watu wa karakana. Kulehemu hakusomwi kwenye kitabu ukaweza. Pale VETA hapa Nyakato mwanafunzi anaunguza vipande vingi vya chuma kabla fundi hajaridhika, na hakuna anayemwambia hakuzaliwa na kipaji cha kulehemu. Kuongea na watu ni hivyohivyo.

Wiki ya kwanza jifunze majina. Chumbani kwanza, watu wote, na wanakotoka. Kisha aliyekaa kulia kwako na kushoto kwako ukumbini. Ukisahau jina, liulize tena, haiudhi. Mkuu wako mwamkie shikamoo, hata kama ni mlinzi wa geti la hosteli na wewe ni mhandisi mtarajiwa. Hasa kama ni mlinzi. Vua hedifoni unapopanga foleni ya chakula. Hiyo peke yake ni mfungo mzuri kuliko kuacha soda.

Swali usiloweza kuliuliza mbele ya watu, liulize baada ya kipindi, kwa Kiswahili, kwa mwenzako. Ofisini kwa mhadhiri nenda na daftari lenye kazi uliyojaribu, umwonyeshe ulipokwama. Nimeambiwa na waliotangulia kwamba wahadhiri wengi wakiona umejaribu wanalegea. Atakayekujibu vibaya yupo pia, sitakudanganya. Utatoka umenuna, utamuuliza mwingine.

Kwenye kazi ya kundi kuna mambo mawili yananisumbua. La kwanza ni wakubwa wa Tekoa. Msiwaseme nyuma, msiwaandike majina kimyakimya halafu mkawachukia semista nzima. Mtu amwendee mwenzake peke yao wawili kwanza, kama Bwana alivyotuelekeza katika Mathayo 18, amwambie kipande chake hakijajengwa. Mara nyingine utakuta bumu halijaingia na ndugu yako hajala tangu jana, ndiyo maana haonekani. Nehemia alipata kesi kama hiyo, ipo sura ya 5: katikati ya ujenzi watu walilia kwa njaa na madeni, akasikiliza, akakasirika, akatafakari, ndipo akawakabili waliowadhulumu. Soma mpangilio huo taratibu.

La pili ni dada zetu. Katika darasa la uhandisi wanaweza kuwa wachache sana. Kaka, usimgeuze dada kuwa katibu wa kundi, eti yeye ana mwandiko mzuri, wewe ndiye ushike vifaa. Wala usimfanye kila mazungumzo yaishie kwenye kuomba namba. Binti za Shalumu walijenga ukuta, na Maandiko yamewaandika kwenye kipande walichojenga. Na dada, ukiona unapewa kalamu kila wiki, sema kwa heshima kwamba wiki hii zamu yako ni ya vifaa. Hiyo nayo ni stadi, tena ngumu.

Kuhusu TMCS na jumuiya chuoni: nenda, usingoje ualikwe. Ila nawaonya wale wa sala sana. Yupo anayekimbilia kikanisa kwa sababu anamwogopa mtu wa chumbani kwake. Yesu Kristo wa kwenye Ekaristi ndiye aliyekaa Nazareti miaka mingi akijulikana kwa majirani kama seremala, watu walimjua yeye na ndugu zake (Mk 6:3). Mkae naye, kisha mrudi chumbani mkamwulize mwenzenu kama ameshakula.

Na kama ukimya wako umekuwa mzito kuliko aibu, hulali, huli, huoni sababu ya kuamka, hilo sasa si suala la kujifunza kuongea. Nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi, nenda zahanati ya chuo, mpigie padre, nipigie mimi. Usingoje mwisho wa semista. Ukishindwa kusema, andika ujumbe mfupi tu: "Sipo sawa." Inatosha kuanzia.

Yule kijana wa dagaa, kwa wale mtakaouliza, anaomba tena mwaka huu. Amekuwa akienda Mwaloni na mama yake tangu Pasaka. Anasema pale ameshadanganywa bei mara tatu na amejifunza kurudi kuuliza.

Jambo la mwisho ni tangazo. Jumamosi hii baada ya Misa ya asubuhi, wote mnaoondoka tunakutana ukumbi mdogo wa parokia. Nimewaalika akina mama sita wa WAWATA. Kila mmoja wenu atakuwa na dakika tatu kumweleza mama mmoja kozi yake inahusu nini na itamsaidiaje mtu wa Nyakato, kwa Kiswahili, bila neno la Kiingereza. Kisha mama atauliza maswali, na mtamjibu mpaka aseme ameelewa. Nawatahadharisha, mama mwenyekiti ana maswali makali. Mwaka jana kijana wa umeme alikaa naye dakika ishirini na tano kwenye suala la luku yake inavyoisha haraka, na hatujui mpaka leo nani alimfundisha mwenzake. Njooni na chai yenu, maandazi yapo.

Frateri wenu, Nyakato